Hesabu ya Wanaokohoa

Katikati ya mwaka 1906, Mwanza ilipokuwa ingali boma la Wadachi lenye nyumba chache zilizojibanza baina ya majabali na maji, alishuka pale tabibu mmoja wa Kijerumani ambaye jina lake lilikwisha kuvuma katika kila mji wenye chuo cha udaktari. Huyo alikuwa Robert Koch. Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya wanazuoni wa Berlin, alikuwa amethibitisha kwa darubini kwamba kifua kikuu hakitokani na urithi wa damu wala laana ya ukoo, bali na kijidudu chembamba mithili ya kijiti, kinachofanya maskani katika mapafu na kutoka pamoja na makohozi. Na mwaka mmoja tu kabla ya kuliona ziwa letu alikuwa ametunukiwa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Walakini hakuja kwa ajili ya vifua vyetu. Alikuja kuyasaka malale, yaliyokuwa yakiangamiza watu maelfu kwa maelfu katika fukwe za kaskazini, na baada ya kukaa Mwanza kwa muda alivuka akaenda kupiga kambi katika visiwa vya Sese, ambako aliwadunga wagonjwa sindano za atoksili, dawa iliyotengenezwa kwa aseniki, iliyowapa wengi nafuu ya kitambo na kuwapofusha baadhi yao milele.

Kisa hiki sikukitaja ili kumtia marehemu doa. Nimekitaja kwa sababu kinatenga mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kuyajua maradhi ni kazi moja, na kuwajua wagonjwa, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake na hali aliyoishia, ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza ilifika ufukweni kwetu pamoja na mtu mwenye nishani. Ya pili ilichelewa kwa muda wa miaka sabini, na ilipowasili haikuletwa na jeshi wala na mfanyabiashara, bali na jumuiya ya ihsani ambayo wengi katika sisi tulionufaika nayo hatujawahi hata kusikia jina lake.

Asili ya jumuiya za namna hiyo ni ya watu wadogo. Mwaka 1903 karani mmoja wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, akipanga marobota ya barua za Krismasi, aliwaza kwamba iwapo kila barua ingebandikwa, pamoja na stempu ya serikali, karatasi nyingine ndogo ya thamani ya senti chache tu, fedha zitakazopatikana zingetosha kuwajengea hospitali watoto wenye kifua kikuu. Mfalme akaridhia, watu wakanunua kwa mamilioni, na hospitali ikajengwa. Wazo hilo likavuka bahari likafika Marekani na kwingineko, na katika nchi nyingi likaja kuandamana na ule msalaba mwekundu wenye mikono miwili ambao tangu mwaka 1902 ulikuwa umekubaliwa kuwa alama ya vita dhidi ya maradhi haya. Oktoba 1920 wajumbe wa nchi 31 walikutana Paris wakaunda Muungano wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, ambao makao yake yangali huko hadi leo. Haukuwa serikali, haukuwa na dola nyuma yake, na mali yake kubwa ilikuwa ni matabibu waliokubali kutumwa.

Kwetu, wakati huo, dawa ya kifua kikuu ilikuwa ni hewa, chakula na subira. Hospitali ya Kibong'oto ilifunguliwa mwaka 1926 katika miteremko ya magharibi ya Kilimanjaro, mahali pa baridi na upepo safi, kwa itikadi ile ile iliyowafanya matajiri wa Ulaya wapande milima ya Uswisi ili kukohoa huko kwa utulivu. Kwa mtu wa Ukerewe au Sengerema, Kibong'oto ilikuwa mbali mithili ya Makka, na tofauti ni kwamba aendaye Makka hutarajiwa kurudi. Wengi walibakia majumbani, wakalala chumba kimoja na watoto, wakakonda, wakatema damu, wakazikwa. Na jirani wakasema amerogwa.

Dawa za kweli zilipopatikana baada ya Vita Vikuu vya Pili, tatizo lilibadili sura. Streptomaisini na isoniazidi ziliweza kumponya mgonjwa, lakini kwa sharti kwamba azitumie mwaka mzima na zaidi, naye huanza kujiona mzima katika wiki chache. Hapa Afrika Mashariki ilitoa mchango ambao hatujivunii vya kutosha. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, wagonjwa wa hospitali zetu walishiriki katika majaribio yaliyofanywa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na majaribio hayo ndiyo yaliyoonyesha kuwa, ikiwa rifampisini itaongezwa, tiba ya mwaka na nusu yaweza kufupishwa hata kufikia miezi sita. Ulimwengu mzima unayafuata matokeo hayo hivi leo.

Sasa na aingie mtu wa pili wa kisa hiki. Karel Styblo alizaliwa mwaka 1921 katika nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia. Akiwa kijana alitiwa na Wanazi katika kambi ya Mauthausen, na huko huko kifua kikuu kikamshika. Akaokoka, akasoma udaktari, na maradhi yaliyotaka kumwua akayafanya kuwa kazi ya maisha yake. Baadaye alihamia Uholanzi, na kutoka huko Muungano ulimtuma kusaidia nchi maskini kupanga tiba ya kifua kikuu. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikuwa imeanzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ukichanganya maradhi mawili ambayo wataalamu wa Ulaya walizoea kuyatenga. Na uamuzi huo, ambao ulitokana zaidi na uhaba kuliko falsafa, ulikuwa wa busara kuliko walioufanya walivyodhani, kwa maana wahudumu wa ukoma walikuwa wamezoea tangu zamani kumfuata mgonjwa mpaka mlangoni pake. Styblo alikuta nchi yenye zahanati vijijini, yenye watumishi wenye mshahara mdogo na nidhamu kubwa, na yenye wizara iliyokuwa tayari kusikiliza. Akiwa pamoja na madaktari wa Kitanzania, ambao miongoni mwao Dakta H. J. Chum ndiye aliyeuongoza mpango kwa miaka mingi, na kwa msaada wa fedha za Waswisi na Waholanzi, alifanya jambo ambalo machoni pa mtu wa kawaida halikuwa na utukufu wowote. Alitengeneza daftari.

Msomaji anivumilie nilifungue daftari hilo. Ni kubwa, lenye jalada gumu, na kila mgonjwa amepewa mstari mmoja unaovuka kurasa mbili. Kushoto yupo yeye mwenyewe: namba, tarehe, jina, umri, mwanamume au mwanamke, kijiji, na jina la mtu wa kumwulizia iwapo hataonekana. Katikati yapo maradhi: ni ya mapafu au ya kiungo kingine, ni mapya au yamerudi, makohozi yalionekana na vijidudu au hayakuonekana. Kisha zinafuata safu za kupima tena, mwezi wa pili, mwezi wa tano, na mwisho wa tiba. Maabara nayo ina daftari lake, na huko kila jibu lenye vijidudu huandikwa kwa wino mwekundu, ili msimamizi apitaye na kufungua ukurasa wowote atambue kwa nukta moja wanaoambukiza ni wangapi. Safu ya mwisho ya mstari ndiyo yenye hukumu: amepona, amemaliza dawa, dawa imeshindwa, amefariki, ametoroka, amehamishwa. Kila robo ya mwaka mratibu wa wilaya hukaa chini, akawahesabu wote walioandikwa katika robo kama hiyo ya mwaka uliopita, na hana ruhusa ya kumwacha hata mmoja bila hukumu. Waliofutika katika kumbukumbu hawamo, kwa kuwa safu ya namna hiyo haikuchorwa.

Nguvu yote ilikuwa hapo. Tangu mwaka 1982 tiba ya miezi minane ilianza kutumika: miwili ya mwanzo kwa rifampisini, ambayo bei yake ilikuwa ya kutisha, mgonjwa akiimeza mbele ya macho ya mwuguzi, na sita ya baadaye kwa dawa za bei nafuu nyumbani. Takriban wagonjwa wanane katika kila kumi walipona, katika nchi ambayo petroli ilikuwa ya kupangia foleni na sukari ilikuwa ya kugawiwa. Wataalamu wa uchumi walipokuja kupiga hesabu, akiwemo Christopher Murray aliyeandika pamoja na Styblo na Chum, walikuta kwamba hakuna matibabu mengi duniani ambayo shilingi yake inaokoa uhai mwingi kiasi hicho, na Benki ya Dunia, ambayo haina sifa ya kutekwa na huruma, ikaamini. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari mwaka 1993, na katikati ya muongo huo likauchukua utaratibu uliojaribiwa Tanzania, Malawi, Msumbiji na kwingineko, likaupa jina la herufi nne za Kizungu, DOTS, na kuupeleka ulimwenguni kote. Ukaturudia nasi hapa kwenye semina, umevaa suti, na baadhi yetu tukaupokea kama mgeni.

Jumuiya nyingi za ihsani hupenda kujenga, maana jengo hupakwa rangi na kubandikwa kibao, na kibao hupigwa picha. Nenda zahanati yoyote ya kandokando ya ziwa utakikuta kibao hicho, wakati mwingine kikiwa ndicho kitu pekee kisichopauka. Muungano ulinunua pikipiki, darubini, dawa na karatasi. Pikipiki zilikwisha chakavu zamani, na hakuna mahali palipoandikwa nani alizileta.

Daftari halikuwa hirizi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waligunduliwa Kagera, ng'ambo tu ya maji, na maradhi hayo mapya yakawa kama petroli juu ya moto wa zamani, kwa sababu mwili uliopokonywa kinga hauwezi tena kumfungia kijidudu aliyelala mapafuni. Waliokuwa wakiandikwa kwa mwaka nchi nzima, kiasi cha watu elfu 12 mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya miaka 20 walizidi elfu 60. Bugando, hospitali ile kubwa ya Maaskofu wa Katoliki iliyosimama juu ya kilima tangu mwaka 1971, na ambayo baada ya kuchukuliwa na serikali ilirudishwa chini ya uendeshaji wa Kanisa mwaka 1985, ililaza wagonjwa wa vifua kutoka Mara, Shinyanga, Kagera na visiwani mpaka vitanda vikashindwa. Lakini kwa kuwa hesabu ilikuwapo, janga lilionekana likija. Na kwa kuwa hesabu iliendelea, tulijua pia lilipoanza kurudi nyuma: makadirio ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha kwamba waliougua upya mwaka 2015 walikuwa 306 katika kila watu laki moja wa Tanzania, na mwaka 2022 walikuwa 195.

Mengi yamebadilika ndani ya mstari ule ule wa daftari. Makohozi ambayo zamani yalipakwa kiooni na kuchunguzwa kwa jicho la mtaalamu mchovu sasa hutiwa katika mashine ya GeneXpert, nayo hujibu kwa muda usiofika saa mbili, na kusema pia kama kijidudu kimezoea rifampisini. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la Kibelgiji la APOPO, lililoweka makao hapo mwaka 2000, limewafundisha panyabuku kunusa kifua kikuu katika makohozi, na panya mmoja humaliza sampuli mia katika dakika 20. Wagonjwa wengi waliokosewa na darubini wamegunduliwa na pua hizo, na wale wanaocheka wakisikia habari hii huacha kucheka wanapoelezwa idadi. Tangu mwaka 2006 mgonjwa anaruhusiwa kuchagua: ameze dawa mbele ya mwuguzi, au nyumbani mbele ya msimamizi aliyemteua mwenyewe, mke, kaka, au jirani. Mke wa mvuvi hana haja ya kuhesabu vidonge ili kujua kama mumewe amemeza. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa mwekundu, na choo cha shimo hakifichi siri.

Mvuvi ndiye anayelisumbua daftari kuliko watu wote. Leo yuko Igombe, mwezi ukiandama na giza likiwa jema kwa dagaa amekwenda kupiga dago Goziba, na samaki wakihama naye huhama, akiwa na godoro, sufuria na nguo mbili, akilala na wenzake kumi katika kibanda cha mabati kisicho na dirisha, mahali ambapo mmoja akikohoa wote wamekohoa. Akianza dawa Kayenze na kutoweka mwezi wa tatu, mratibu hana wa kumwuliza ila tajiri wa mtumbwi. Kwa sababu hiyo, wanaofaa zaidi katika mialo ni watu wa papo hapo: wahudumu wa afya wa jamii, watu waliokwisha kuugua wakapona, wauza dawa wa maduka ya dawa muhimu, na hata waganga wa jadi, ambao katika Usukuma huonwa na mgonjwa kabla ya zahanati, na ambao wengi wao, wakielezwa kwa heshima, huwapeleka wenye kikohozi cha wiki mbili wakapimwe. Mashirika ya kusaidia yaliyodharau waganga yalipoteza muda wake.

Mpaka hapa nimesimulia ushindi, japo ushindi usiokamilika. Linalobaki ni jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni aibu ya wote wanaojihusisha na siha ya mapafu, wa serikali na wa ihsani kwa pamoja. Mwaka 1986 Muungano uliongeza katika jina lake maneno ya kwamba unapambana pia na maradhi ya mapafu kwa jumla. Jina lilipanuka. Daftari halikupanuka.

Mtazame mama akaushaye samaki kwa moshi katika mwalo wowote wa Sengerema au Ukerewe. Tanuru lake ni la udongo, refu kufika kiunoni, na juu yake pana chanja la nyaya ambalo sangara waliokatwa vipande wamepangwa mgongo kwa mgongo. Kuni ni mbichi nusu, kwa kuwa kuni kavu huunguza na moshi ndio unaotakiwa. Kila baada ya muda hana budi kugeuza vipande kwa mkono, na anapofanya hivyo huvuta pumzi, huizuia, hugeuza uso pembeni huku machozi yakimtiririka, hugeuza vinne au vitano, hurudi nyuma akakohoa, kisha huinama tena. Mtoto yuko mgongoni, na mtoto hajui kuzuia pumzi. Huko mjini, wale wanaokaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikiisha kwenda Ulaya, husimama juu ya mapipa ya mafuta yanayochemka tangu alfajiri. Jioni mama huyo hurudi nyumbani kupika ugali juu ya mafiga matatu.

Baada ya miaka 20 ya kazi hiyo hawezi kupanda njia za mawe za Mabatini au Igogo bila ya kupumzika mara tatu. Huenda zahanati. Makohozi yake hupimwa, na haya ni matunda ya kazi njema niliyoisifu hapo juu; jibu hutoka kwamba hana kifua kikuu; na hapo hapo, maadamu hana kifua kikuu, hana mstari. Hupewa vidonge vya kuua vijidudu ambavyo hana, na chupa ya dawa ya kikohozi, akarudi motoni. Hakuna anayemwandika, hakuna anayemfuata, na mwisho wa robo ya mwaka hakuna anayeulizwa yuko wapi. Uchunguzi wa kupima pumzi uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kijijini hapa Tanzania, ulikuta kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wenye miaka 35 na kuendelea ana njia za hewa zilizoziba zisizofunguka tena. Ulimwenguni, moshi wa majumbani ulikadiriwa kuua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Kifua kikuu, katika mwaka 2023, kiliua milioni 1.25. Anayeua zaidi ndiye asiye na daftari.

Wa pili ni mchimbaji. Kusini magharibi ya ziwa, katika wilaya za Geita, dhahabu imefungwa ndani ya mawe yenye silika, na vumbi la silika likivutwa hukaa mapafuni daima na kuyageuza kovu. Waliopima hewa Rwamagasa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2015, walikuta kwamba wanaotoboa mwamba ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huvuta silika inayozidi kiwango cha usalama zaidi ya mara 200. Juu ya ardhi, penye makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, na wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo, hali ni afadhali, lakini kwa mizani hiyo afadhali si kitu cha kushangilia. Ajabu ya uchungu ni kwamba mapafu yenye silika hukaribisha kifua kikuu kwa urahisi mkubwa, hivyo mchimbaji huingia katika daftari akiwa na kifua kikuu, akatibiwa, akaandikwa amepona, akarudi kwenye duara lile lile. Na pumzi ikimwishia baada ya miaka minane, daftari linasema alipona. Maji yanayonyunyiziwa mahali pa kutoboa na kusaga hupunguza vumbi hilo pakubwa. Fulana iliyofungwa puani haipunguzi kitu.

Yupo atakayesema kwamba mambo haya hayalingani, kwamba kifua kikuu kina dawa inayoponya na moshi hauna, na kwa hiyo daftari la wagonjwa wa moshi litakuwa ni orodha ya masikitiko tu. Hoja hii ina uzito, nami nisingeipinga kama jirani zetu wa Malawi wasingalikwisha kuijibu. Mwaka 2000 Muungano ule ule ulisaidia Malawi kuchukua utaratibu wa kifua kikuu, daftari, hesabu, usimamizi na dawa zisizokatika, na kuutumia kwa watoto waliolazwa kwa nimonia kali. Walipoanza, karibu watoto 19 katika kila 100 waliolazwa walifariki. Mwaka 2005 walikuwa takriban 8. Hawakuvumbua dawa mpya hata moja. Waliwahesabu watoto, wakaona wanafia wapi na kwa kukosa nini, mara nyingi hewa ya oksijeni, wakaipeleka.

Malawi hiyo hiyo imetufunza pia jambo la kututia adabu. Jaribio kubwa, lililochapishwa mwaka 2017, lilizipa kaya za vijijini majiko bora yenye feni ndogo, kwa kutumaini kwamba nimonia ya watoto ingepungua. Majeraha ya moto yalipungua; nimonia haikupungua, kwa kuwa moshi wa jirani, wa takataka na wa kiwanja kizima haukomi kwa sababu nyumba moja imepata jiko. Nasema haya kwa sababu tangu serikali ilipozindua mkakati wake wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, ukiwa na azma ya kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, mitungi ya gesi imegawiwa kwa shangwe katika mikutano mingi. Azma ni njema mno. Lakini mtungi hugawiwa mara moja na kujazwa kila mwezi, na sherehe ya kujaza haipo. Fauka ya hayo, samaki hakaushwi kwa moshi wa gesi. Mama wa mwalo anahitaji tanuru lenye bomba na mlango, kama lile lililobuniwa Thiaroye, Senegal, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo, ambalo humtenga mkaushaji na moshi wake na kutumia kuni chache.

Fedha, bila shaka, ndiyo itakayoulizwa, hasa tangu mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilipofunga ghafla mkono ambao miradi mingi ya afya hapa Kanda ya Ziwa ilikuwa ikiutegemea, na watumishi wengi wa mikataba wakaambiwa wasirudi kazini. Mashirika yaliyojenga kazi zao juu ya magari na posho yaliyumba siku hiyo hiyo. Mpango wa kifua kikuu nao uliumia, lakini uliendelea kuandika, kwa kuwa mwandishi wake ni mtumishi wa wilaya na kalamu yake ni ya halmashauri.

Ninachopendekeza hakihitaji jengo. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma yupo katika kila wilaya, kuanzia Ilemela na Nyamagana hadi Ukerewe. Mwenye kikohozi cha wiki mbili hupita mikononi mwake kwa kila hali, na wengi wa wanaopita, jibu lao ni hapana. Hao wa hapana waandikwe: jina, mwalo au duara, kazi na miaka aliyoifanya, pumzi yake kwa kifaa kidogo cha kupulizia ambacho hutiwa mkobani, dawa ya kuvuta aliyopewa, na kama aliirudia au hakuirudia. Aliyezidiwa apelekwe Bugando, na kwa wa Sengerema na Geita safari hiyo haina tena kungojea kivuko, tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Mwisho wa robo ya mwaka mratibu awahesabu, kama anavyowahesabu wengine, na apeleke wizarani idadi ya waliopata nafuu, waliokufa, na waliotoweka. Pikipiki anayo, njia za mialo anazijua, na kazi ya kuhesabu aliifundishwa zamani. Kinachokosekana ni waraka wa kumwagiza.